Zimwi la Sufuria

Mjini Isiolo, jerikeni ya manjano yenye kitu cheupe ndani haihitaji maelezo. Ni maziwa ya ngamia. Asubuhi utaziona zikishushwa, akina mama wakifungua kifuniko kimoja kimoja, wakinusa, wakionja, wakikubali au kukataa, kisha zilizofaulu zinapandishwa basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Kwa hiyo mtu anayeleta nyumbani jerikeni ya lita 5 iliyojaa utomvu mweupe wa mpira, akaiacha jikoni kwa shangazi yake, hana wa kumlaumu. Mtu huyo ni mimi.

Vijana wa mtaa wetu wa Bulla Pesa walitaka kuchangisha pesa likizo ya Desemba kwa jambo ambalo sisi hatukuwa tumelijaribu: nyumba ya mazimwi. Unalipa shilingi 50, unaingia gizani, unatishwa, unatoka mbio. Wamarekani huzifungua kila Oktoba, na Disneyland wana jumba lao la mizuka tangu 1969. Mimi nilipewa kazi ya kutengeneza zimwi lenyewe kwa sababu moja tu: niliwahi kusema mbele ya watu kwamba nilikuwa nimeona kwenye video jinsi Rick Baker alivyomgeuza Michael Jackson kwa ajili ya Thriller, mwaka 1983, na kwamba haikuonekana kazi ngumu.

Sura yenyewe ilituletea mjadala. Mtoto wa Isiolo haogopi boga lililotobolewa macho. Fisi amemzoea, humsikia usiku akiwa kitandani. Kijana mmoja alipendekeza muuguzi mwenye sindano, na sote tukakiri kwamba huyo angefaa kuliko wote, ila si uungwana. Tukarudi kwa zimwi la hadithi za bibi, lenye meno ya nje na masikio ya popo.

Utomvu niliununua Nairobi. Ukiachwa hivi hivi baada ya kutoka mtini huganda, kwa hiyo hutiwa amonia ili ubaki majimaji, na amonia, kama hamjawahi kukutana, hunuka mkojo wa juzi. Nilikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nilichosahau ni kwamba Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na Isiolo takribani 1,100, lakini katikati barabara inapanda ubavu wa Mlima Kenya kupitia Nanyuki na Timau, na hewa iliyofungiwa chini ikifikishwa juu hutafuta pa kutokea.

Ilipapata Timau.

Mama aliyekaa mbele yangu alianza kwa kukagua nepi ya mtoto wake. Safi. Akamtupia jicho mtoto wa jirani. Makanga akafungua dirisha, baridi ya Timau ikaingia, harufu haikutoka. Ndipo mzee mmoja mwenye kofia na bakora akasema kwa upole kwamba jambo hili laweza kumpata yeyote, na kwamba dereva asimame kidogo, kijana akajisaidie. Kijana huyo nilikuwa mimi. Ningesema nini? Jaribu wewe kuwaeleza abiria wa matatu kwamba umepakata zimwi la majimaji. Nilishuka, nikaenda nyuma ya kichaka, nikasimama huko dakika mbili nikitetemeka, nikarudi. Wote wakaniambia pole. Mzee akanipa peremende.

Kichwa cha kufinyangia nilikiazima saluni, kile cha plastiki wanachokivisha wigi. Udongo nikauchimba kando ya mto. Udongo huo una tabia mbili: jua likiupiga unapasuka, na mbuzi wanauramba, nadhani kwa ajili ya chumvi. Kwa jua niliufunika gunia bichi. Kwa mbuzi sikuwa na mpango, na ndiyo sababu zimwi letu lina sikio moja.

Kalibu nilitengeneza kwa plasta, ile wanayofungia mguu uliovunjika. Kanuni ni kwamba unga unanyunyizwa majini, si maji kumiminwa kwenye unga. Baada ya muda mchanganyiko unapata joto wenyewe, unakuwa jiwe. Hapo nilifanya vizuri, nikajisifu, nikaharibu. Nilipotoa udongo niliipaka kalibu vaselini kwa ndani, eti zimwi lisinate. Kumbe kazi yote ya plasta ni kunywa. Ukijaza utomvu, plasta inafyonza maji, ngozi ya mpira inajijenga kwenye kuta, halafu utomvu uliobaki unaurudisha kwenye jerikeni. Plasta iliyopakwa mafuta ni plasta iliyozibwa mdomo. Tena mafuta na mpira ni maadui: huulegeza mpaka ukaoza. Siku ya pili nilipochungulia, zimwi lilikuwa uji.

Nikaanza upya, udongo, gunia, mbuzi na yote. Kalibu ya pili haikuona mafuta. Ngozi ikashika, ikakauka, nikaibandua huku nikiimba. Nilipofika kwenye pua, nusu ya uso ikaruka ikaishika nusu ya pili. Utomvu uliokauka hujipenda mno. Ukijigusa hauachani tena. Pua ikakumbatia paji, kidevu kikaingia mdomoni. Nikavuta, nikararua. Mkononi nilibaki na kitu kama chapati iliyokaliwa.

Siku hiyohiyo shangazi alikuwa na mafua makali na wageni kutoka Merti. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetoka kwenda kuhuzunika mahali pengine. Akabandika sufuria, akaona jerikeni, akamimina, akatia majani ya chai na tangawizi, akageuka kuuliza habari za malisho. Mgeni mmoja ndiye aliyenusa kwanza, akauliza kwa adabu kama ngamia huyo anaumwa. Hakuna aliyekunywa, alhamdulillahi. Shangazi alimwaga kilichokubali kumwagika. Kilichokataa kiliivaa sufuria kwa ndani kama soksi.

Kesho yake nilimkuta ameketi kwenye kigoda, sufuria mapajani, bakuli la unga wa ngano kando. Hakuniangalia. Alinyunyiza unga, akabandua kidogo, akanyunyiza, akabandua, kwa mkono uleule wa kusukuma chapati. Mwishowe akavuta mara moja na sufuria nzima ya mpira ikatoka, na mkunjo wa ukingo wake, na kila mkwaruzo wa mwiko wa ugali. Mimi wiki tatu sikuwa nimepata hata kope.

“Kinachonata hutiwa unga,” akasema. “Umekula chapati zangu miaka yote hii ukifikiri zinaachanaje?”

Wenye ujuzi hutumia poda, lakini kanuni ni ileile. Nikanunua poda ya watoto, na zimwi la tatu likatoka na uso mmoja. Tatizo, mpira ukikauka husinyaa, na mimi nilifinyanga kwa kipimo cha kichwa cha saluni ambacho hakina akili wala mashavu. Nilipolivaa, matundu ya macho yalikaa juu ya nyusi zangu. Hapo nikawakumbuka Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji: kinyago chao cha ngoma ya mapiko huvikwa kichwani kama kofia, na mchezaji huchungulia mdomoni. Nikaupanua mdomo. Baadaye sana nilisoma kwamba kinyago cha filamu ya Halloween ya 1978 hakikufinyangwa kabisa. Walinunua dukani sura ya Kapteni Kirk, yaani William Shatner, wakapanua macho, wakaipaka nyeupe. Sitaki kulizungumzia.

Usiku ukafika. Joto la Isiolo ndani ya mpira ni jambo la kusimuliwa na waliolipona. Mtoto wa kwanza alikuwa wa miaka sita hivi. Nikanguruma. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasimama miguuni.

“Mjomba, si hizo ni sandali zako?”

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wazee walisema. Zimwi linalojulikana kwa sandali hawakulitaja.

Kilichowatoa watu mbio ni kitu kingine. Vijana walikuwa wameitundika ile sufuria ya mpira mlangoni, gizani, kimo cha uso, kwa pambo tu. Kila aliyeingia ilimpapasa shavu: baridi, laini, yenye vumbi la unga, inanuka tangawizi na mkojo. Mwenyekiti wetu mwenyewe, aliyeitundika kwa mikono yake, alitoka nayo shingoni akipiga kelele hadi barabarani. Waliomwona wakapanga foleni.

Shangazi alidai fungu lake akapewa, pamoja na sufuria mpya. Jerikeni bado ina lita mbili hivi. Iko chini ya kitanda changu, imeandikwa kwa rangi nyekundu, Kiswahili upande mmoja, Kiborana upande wa pili, Kisomali kwenye kifuniko: si maziwa.