Namna ya Kununua Uti wa Mgongo Clairwood

Wewe uliyetoka Temeke au Kisauni juzi, ukiingia bucha la Clairwood, hapa Durban, usitafute gogo wala shoka. Huku mgongo wa ng'ombe hupitishwa kwenye msumeno wa umeme, ukatoka vipande vilivyolingana kama tofali, na unga wa mifupa umevigandia. Utauosha nyumbani kimyakimya. Ukiuulizia dukani, umeshajitangaza mgeni.

Mwenye duka akiwa mzee wa Kihindi, mwite anko, hata kama umemzidi mvi. Anayekata na kupima huenda akawa Mzulu, na hapo ndipo kichwa kitakapokuvimba. Inyama ni nyama. Ulimi ni ulimi. Amathumbu ni matumbo, izimbambo ni mbavu, na umgogodla, ukiutamka taratibu, unausikia mgongo humo ndani. Utajiona mwenyeji kabisa. Basi agiza moyo. Kwa Kizulu umoya ni upepo, na upepo haupimwi kwa kilo. Unachokitaka kinaitwa inhliziyo, neno linalodai ulimi wa ziada. Bahati nzuri umeshaununua.

Maneno yakikuishia, tumia mwili wako. Kidari, bega, mbavu: jiguse tu, utaeleweka. Ila ukitaka rampu, ambayo ni nyama ya makalio, mikono iache mfukoni. Kuna akina mama nyuma yako kwenye foleni.

Sasa tuje kwenye sarara, maana ndiko pesa zinakopotelea. Kwetu uliachiwa uchague steki au mchanganyiko, na siri ya mchanganyiko anaijua mwenye bucha. Huku mgongo una ukoo mzima. Ti-boni ni pingili ya kiunoni iliyopasuliwa: upande mmoja sarara, upande wa pili kijipande cha fileti. Unavutwa na fileti, unashiba sarara, na mfupa umeulipia bei ileile. Mwenye akili huomba shingo na mgongo wa kondoo, vikatwe vidogo vya mchuzi. Wahindi wa Durban wameshaujua utamu wa mfupa kwenye kari, wala hawangojei ushauri wako.

Tena usijidai Mswahili wa kwanza kuulizia nyama halali upande huu. Kuanzia 1873 Waingereza walishusha Durban watu waliokamatwa ndani ya majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua, lakini mji ukawaita Wazanzibari. Waislamu hao walikaa King's Rest, pale Bluff, jirani na Clairwood, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Kama ni ugeni, umechelewa karne nzima na ushee.

Umebaki mkia, ambao nao ni uti wa mgongo, ila umekonda. Kwetu hutupiwa kwenye supu bila hotuba. Huku ni kitoweo cha Jumapili, cha wenye nazo. Uliza bei kabla hajauweka kwenye mzani, kisha useme ulikuja kununua maini.