Siafu Hawamjui Mkwe

Mwanamume anayetaka heshima yake ibaki salama asiende kuchuma uyoga na mama mkwe. Amsindikize sokoni, kanisani, hata hospitali, porini asithubutu.

Huku Tabora, mvua za kwanza zikishanyesha, wanawake huwahi kwenye miombo na vikapu kabla umande haujakauka. Mama mkwe ana vichuguu vyake, na njia ya kuvifikia huipindisha makusudi ili majirani wapotee. Nyuma yake tulifuata mimi na shemeji yangu, mtu asiyekosa jibu.

Uyoga wa kichuguuni una mwenyewe. Mchwa hula majani makavu na vijiti, kisha hurundika kinyesi chao chini ya ardhi; juu ya rundo hilo huota kuvu, nayo ndiyo shamba lao la chakula. Mvua ikilowesha udongo, kuvu hiyo husukuma miavuli juu. Ndiyo maana uyoga huo una mzizi mrefu unaozama hadi shambani kwa mchwa, na ukiuvuta kwa pupa unakatika.

"Taratibu, baba," mama mkwe aliniambia. "Hung'oi mhogo."

Shemeji alichepuka, akarudi na uyoga mweupe wa kupendeza, funza wakijinyonganyonga ndani yake. "Huu salama," akatangaza. "Mdudu akila, na mtu anakula."

Mama mkwe akaupokea, akautupa kichakani. "Funza akifa, nani anafunga turubai?"

Maneno ya haki kabisa. Wapo wadudu wanaokula uyoga wa sumu wasidhurike, ilhali binadamu anaweza kula, akashiba, akasifia, na sumu ikanyamaza saa 6 au zaidi kabla ya kumtapisha, ini likiwa limeshaanza kuumia.

Mjadala huo niliusikiliza nimesimama wima, kwa adabu. Siafu nao walikuwa wanapanda kimyakimya. Wazee husema husubiriana mpaka wote wafike, ndipo mkubwa wao anatoa amri. Amri sikuisikia, utekelezaji niliusikia wote.

Suruali ilinitoka yenyewe. Askari wa siafu akishauma haachii: ukimvuta, kiwiliwili kinatoka, kichwa kinabaki kazini. Kwa hiyo hapakuwa na kuvaa upesi. Ilibidi vichwa viondolewe kimoja kimoja, na vingine vilikuwa mahali ambapo shemeji, pamoja na ujuzi wake wote, alikataa kusaidia. Mama mkwe alishanipa mgongo zamani, anausifia mti wa mninga kwa sauti kubwa: magome yake, matawi yake, kivuli chake.

Jioni uyoga uliungwa kwa karanga, tukala na ugali. Ya porini hayakuguswa na mtu, mpaka baba mkwe aliponawa mikono, akanitazama kwa upole, akauliza kama ni kweli mwaka huu mininga imenawiri kiasi hicho.