Ada ya Huduma Naisifu

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kahawa chungu imepata wa kuitungia beti. Iliyosahauliwa ni ada ya huduma, ile inayoandikwa chini ya kodi ya nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri, huko Uingereza, na ambayo Waswahili wa London na kwingineko huletewa kwa barua kila mwaka kabla ya Aprili. Wapangaji wameitukana vya kutosha. Mimi leo nimekuja kuitetea.

Ada hii ina adabu ya kujitambulisha. Zamani kodi ya kaunsili ilikuwa kapu moja: chumba humo, taa za ngazini humo, mfagizi, lifti na majani ya uwanjani vyote humo, na mpangaji akilipa jumla bila kujua kipi ni kipi. Halmashauri moja baada ya nyingine ikalifungua kapu. Kodi ikawekwa upande, huduma zikapangwa kwenye jedwali, kila moja na peni zake kwa wiki. Na jedwali hilo, wallahi, lina elimu ndani yake. Jengoni kwetu tulikuwa tukiamini kwamba ngazi hazifagiliwi. Barua ikatutoa ujinga: zinafagiliwa, tena kila wiki. Tangu siku hiyo tunaukanyaga uchafu ule ule kwa heshima zaidi, maana tumejua ni uchafu uliohudumiwa.

Tazama taa ya ghorofa ya tatu. Inawaka mchana kutwa, na jua likizama inazimika. Zamani ungesema imeharibika. Sasa imo kwenye jedwali, "umeme wa sehemu za pamoja", na kitu kilichomo kwenye jedwali hakiharibiki, kinasubiri fundi. Majani nayo, usiyaseme! Majira ya joto huja kijana na mashine, anapita juu ya kila kitu, pakiti za chipsi zikiwemo, na kuziacha zimekatwa vipande vidogo vidogo kama kachumbari. Katikati ya uwanja huo umesimama ule ubao unaojulikana na kila mtoto wa kaunsili: marufuku kucheza mpira. Kwa hiyo mpangaji analipia majani ambayo mwanawe haruhusiwi kucheza mpira juu yake. Ndiyo sababu yanabaki mazuri.

Lakini uzuri wake hasa umo kwenye sheria, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985 inaitaka halmashauri iwaulize wapangaji wake maoni kuhusu uendeshaji wa nyumba zao. Ni bughudha, mtu ametoka kazini usiku anaombwa maoni. Waandishi wa sheria wakamhurumia: kifungu cha 105 kinasema mambo ya kodi na malipo ya huduma hayamo katika uendeshaji huo. Kifungu cha 103 nacho kinaitaka halmashauri itoe taarifa ya awali na kusikiliza maoni kabla ya kubadili masharti ya upangaji, isipokuwa yanayobadilishwa yakiwa ni kodi au malipo ya huduma. Kila mlango waliomwekea mpangaji, waliacha ufunguo mikononi mwa ada.

Huruma haikuishia hapo. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji, ambayo vifungu vyake vya 18 hadi 25 vinataka ada ya huduma iwe na kiasi, na vinampa mlipaji haki ya kudai hesabu na kukagua risiti. Kisha kinakuja kifungu cha 26 na kumtoa humo mpangaji wa kawaida wa halmashauri. Jirani yake wa mlango wa pili, aliyeinunua fleti yake kwa ruhusa iliyoletwa na sheria ya mwaka 1980 na sasa anashika hati ya miaka mingi, yeye anaruhusiwa kuomba risiti za ufagio. Mpangaji amepumzishwa. Wote wawili wanapita ngazi ile ile na kuugusa mlango ule ule usiofunga, ila mmoja amebebeshwa mzigo wa kujua bei yake. Hata hivyo ada imewaleta karibu. Zamani wapangaji walikuwa wakimcheka aliyenunua kila anapoletewa bili ya kutengeneza paa. Siku hizi wanakutana kwenye lifti, ikiwa inafanya kazi, na kila mmoja ana barua mkononi.

Kuna wanaosema kwamba ada hii ni kodi iliyovaa koti jingine. Wenye wivu hawakosekani. Kodi, maskini, imefungwa kamba: huko England kanuni ya kawaida huiruhusu ipande kwa kiwango cha mfumuko wa bei na asilimia 1 juu yake. Septemba 2022 mfumuko ulifika asilimia 10.1. Hesabu ingetoa 11.1, serikali ikashtuka na kuweka kikomo cha asilimia 7 kuanzia Aprili 2023. Ada ya huduma ilikuwa imesimama nje ya kikomo hicho, huru kama paka wa sokoni. Mwongozo wa serikali unazisihi halmashauri zijitahidi kuibakiza ndani ya kiwango kile kile kinachoruhusiwa kwa kodi, na zinapoleta huduma mpya ziwashauri wapangaji. Kujitahidi ni jambo jema. Sote tunajitahidi.

Wala isisemwe kwamba inawaonea maskini. Anayepokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, anaweza kulipiwa na serikali sehemu kubwa ya ada hii: usafi wa korido, lifti, bustani. Joto la chumbani mwake halimo, hilo ajigharimie. Kwa hiyo fedha zinatoka serikali kuu, zinapita kwa mpangaji bila kukaa, zinaingia halmashauri. Anayebaki kulipa kutoka mfukoni ni yule mwenye mshahara unaozidi kidogo tu kiwango cha kupewa msaada huo, mama anayesafisha ofisi usiku mjini, ambaye jedwali linamtaka amlipe mtu wa kusafisha ngazi zake. Mtu wa namna hiyo alikuwa anakosa nini maishani kama si kuwa mwajiri?

Na nyumbani nako ada imetusaidia. Ndugu wa Tanga au Mombasa huamini kwamba nyumba ya kaunsili ni ya bure, na kwamba aliyepewa ana wajibu wa kutuma zaidi. Ukimwelezea kodi, hasadiki. Ukimtumia picha ya jedwali lenye mistari yake, umeme wa pamoja, kengele ya mlango, majani, mfagizi, ada ya kukusanya ada, ananyamaza, kisha anakupigia kukupa pole.

Kwa hiyo barua ikifika usiitupe, mwenzangu. Isome mstari kwa mstari. Uliza huduma ipi ni mpya na ipi ilikuwa ndani ya kodi tangu mwanzo. Na kama ilikuwa ndani, uliza kodi yenyewe ilipungua kiasi gani siku huduma hiyo ilipotolewa. Uliza kwa maandishi, uweke nakala. Taa isipowaka usiku, piga picha yenye tarehe. Na kama unapokea Universal Credit, ingiza kiwango kipya kwenye akaunti yako ada inapobadilika, kwa sababu ukikaa kimya malipo yatabaki ya zamani na deni litakuwa lako.