Utangulizi wa Elimu ya Kutapeliwa Mchezoni

Fedheha ya mtu mzima aliyetapeliwa akaunti ya mchezo na kijana ambaye hata ndevu hajaota haijapewa nafasi yake katika vitabu vya maadili, ingawa katika mitaa ya Bujumbura, na hasa Buyenzi, ambako habari humtangulia mwenyewe kufika nyumbani, ni fedheha inayofahamika vizuri. Aliyeibiwa baiskeli hupewa pole na kiti cha kukalia. Aliyeibiwa akaunti huulizwa kwanza ni kitu gani hasa kilichoibwa, na anapojibu kwamba ni mtu wa kuchorwa mwenye koti la moto na mitindo kadhaa ya kucheza dansi, muulizaji huwaita wengine waje wasikie.

Akaunti ni jina na neno la siri ambavyo kwavyo kampuni humtambua mchezaji na kumhifadhia alivyoshinda au alivyonunua: silaha, mavazi ambayo vijana huyaita skini, na almasi, yaani sarafu ya ndani ya mchezo inayopatikana kwa pesa halisi. Katika Free Fire, mchezo uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Garena ya Singapore, mchezaji hawezi kumuuzia mwenzake koti peke yake, na masharti ya mchezo yanakataza kuuza akaunti. Kwa hiyo mwenye tamaa ya koti hulazimika kununua akaunti nzima kwa siri, katika kundi la WhatsApp, kutoka kwa mtu anayemwita "kaka" katika kila sentensi na kuapa kwamba naye ni mtoto wa Buyenzi.

Biashara yenyewe ni ya dakika chache. Muuzaji hutuma picha za mavazi, mnunuzi hutuma pesa kwa simu kupitia Lumicash, muuzaji hutuma neno la siri, na mnunuzi, kwa kuwa si mjinga, hulibadilisha papo hapo, kisha hulala akijiona amefunga mlango kwa komeo. Hapa ndipo mtafiti anapopaswa kuvuta kiti, maana ufundi uliomo ni wa kustaajabisha. Neno la siri ndilo tabaka la juu kabisa la umiliki, na ndilo dhaifu kuliko yote. Akaunti ya Free Fire kwa kawaida hufunguliwa kupitia akaunti nyingine, kama ya Facebook au ya Google. Hiyo nayo mara nyingi hutegemea namba ya simu. Chini ya namba ya simu kuna barua pepe. Chini ya barua pepe kuna barua pepe ya pili iliyosajiliwa kwa ajili ya dharura. Na chini ya yote kuna kumbukumbu ya simu iliyotumika tangu mwanzo na mahali ilipotumika, kumbukumbu ambayo hakuna awezaye kuiuza hata akitaka, kwa sababu ni historia ya maisha yake mwenyewe. Muuzaji akibonyeza palipoandikwa kwamba amesahau neno la siri, mashine humchunguza, humkuta katika kila tabaka, na humrudishia mali kwa heshima zote. Mashine haikudanganywa: aliyesimama mbele yake kweli ndiye mmiliki wa kwanza, na uongo wake pekee ni kwamba amesahau. Asubuhi mnunuzi hukuta mlango umefungwa kutoka ndani, na wiki inayofuata koti lile lile la moto linanadiwa katika kundi jingine.

Chanzo cha balaa hili ni kwamba katika kila biashara ya watu wasioonana mmoja lazima atangulie kutoa. Waundaji wa michezo waliligundua jambo hilo mapema, wakabuni dirisha la kubadilishana, yaani ukurasa ambamo kila upande huweka mali yake mezani na hakuna kinachohama mpaka wote wawili wakubali kwa pamoja. Katika RuneScape, mchezo uliozaliwa Uingereza mwaka 2001, matapeli walijifunza kuweka kitu cha thamani, kukiondoa dakika ya mwisho, na kuweka kinachofanana nacho. Ikabidi iongezwe skrini ya pili inayotaja kwa maandishi kila kinachotolewa na kila kinachopokewa. Matapeli hawakubishana na skrini. Walianza kuwaambia wageni kwamba wao ni mafundi wa kutia deraya nakshi ya dhahabu bila malipo, mradi waachiwe deraya kwa muda mfupi, na wageni waliziacha kwa hiari, ingawa ufundi huo haukuwepo mchezoni. Mwezi Januari 2008 kampuni ya Jagex, yenye mchezo huo, ikipambana hasa na wauzaji wa dhahabu ya mchezo kwa pesa halisi, iliwazuia wachezaji kubadilishana vitu ambavyo thamani zake zimepishana mno, na uhuru huo haukurudi mpaka Februari 2011, baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura.

Aina nyingine za utapeli hazihitaji maelezo marefu. Anayeahidi kuzidisha sarafu maradufu hurudisha kidogo mara ya kwanza, kisha hapokei simu. Mpatanishi wa kuaminika aliyependekezwa na muuzaji ni binamu wa muuzaji. Ujumbe wa malipo uliotoka kwenye namba ya mtu binafsi si malipo, na salio la simu ndilo shahidi pekee.

Wakala wa almasi, hata hivyo, hawezi kupitwa kwa mstari mmoja, kwa kuwa yeye ni zao la dhiki ya kweli. Vijana wengi wa Bujumbura hawana kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, kwa hiyo humpa wakala faranga naye awanunulie. Almasi za Free Fire huingizwa kwa namba ya utambulisho ya mchezaji, namba ambayo haina siri yoyote. Wakala anayedai neno la siri hana nia ya kuingiza kitu, ana nia ya kutoa.

Kinachokera zaidi ni adabu ya kampuni. Siku ya kununua koti, mchezaji huambiwa kwamba koti ni lake. Siku ya kuibiwa, huoneshwa kifungu kinachosema kwamba akaunti na vyote vilivyomo ni mali ya kampuni, ambayo nayo hailalamiki kuibiwa. Afadhali CCP ya Iceland, ambayo katika mchezo wake wa EVE Online imeruhusu waziwazi wachezaji kutapeliana, hivyo hakuna anayeingia akitarajia polisi. Na isidaiwe kwamba kinga haiwezekani. Mwaka 2015 Valve ya Marekani ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 77,000 za Steam, duka lake la michezo, zilikuwa zikitekwa kila mwezi, ikaanza kuishikilia kwa siku kadhaa mali ya kila asiyethibitisha mabadilishano kwa simu yake, ili mwenyewe apate muda wa kuzinduka.

Kampuni ambazo almasi zao zinafika Buyenzi kwa mkono wa wakala zinajua kwamba akaunti zinauzwa, na katazo lao halijamzuia yeyote isipokuwa mlalamikaji. Basi na ziweke njia halali ya kuhamisha akaunti, yenye skrini ya pili na siku kadhaa za kusubiri, na ambamo barua pepe ya mmiliki wa kwanza inafutwa mbele ya macho ya mnunuzi.