Mwongozo wa Mwenye Haraka: Namna ya Kuongea na Mwenye Kigugumizi Luzira

Kwanza, funga mdomo. Ukiweza hilo tu, umeshamaliza zaidi ya nusu ya mwongozo huu na unaweza kurudi kwenye shughuli zako. Mwenye kigugumizi akianza neno, neno likakataa kutoka, mdomo wako hauna kazi hapo. Kazi ni ya masikio. Wapo watu wazima, wenye vyeo na wajukuu, ambao hawajawahi kukaa kimya sekunde tano mbele ya mtu anayehangaika na neno. Wataanza kupapasa simu, watatazama juu kuona kama mvua inakuja, watakohoa, watatikisa kichwa kumsindikiza msemaji. Sekunde tano hazijamuumiza mtu yeyote Luzira. Zihesabu kimyakimya ukipenda, lakini macho yako yabaki usoni pake, si midomoni.

Nina kigugumizi tangu utotoni na ninawaandikia majirani zangu wa hapa Luzira, Uganda. Mtu wa mitaa ya jirani, Kitintale, Mutungo au Butabika anaruhusiwa kuutumia mwongozo huu bila malipo.

Usidhani habari hii ni ya watu wachache. Kadirio linalokubalika duniani kote ni kwamba mtu mzima mmoja katika kila mia ana kigugumizi, na wanaume wanawazidi wanawake karibu mara nne. Teksi yetu ya kwenda mjini inabeba abiria 14. Zikijaa teksi saba asubuhi pale stendi, wameshafika watu 98, na kwa hesabu hiyo mmoja wao anaweza kuwa anaomba kimoyomoyo konda asimuulize anashukia wapi. Hujamsikia kwa sababu amejifunza kutosikika.

Sasa tuje kwa mtu wa hatari zaidi, naye ni msamaria mwema anayekumalizia sentensi. Unasema, "Nimekuja kwa ajili ya m... m...", naye ameshadaka: "Mkutano? Mkopo? Msiba?" Anabahatisha kwa moyo mkunjufu kabisa. Akipatia, anatabasamu kana kwamba amekutoa ziwani. Asipopatia, una kazi mbili: kulikataa neno lake, kisha kuanza upya kulitafuta lako. Na mara nyingi mwenye kigugumizi huchoka, akalikubali neno lisilo lake ili mambo yaishe. Ndivyo mtu anavyojikuta ameitikia kwamba amekuja kuulizia mkopo, kumbe alikuwa na mzigo wa kuchukua.

Wamaliziaji wakibanwa hujitetea kwa Nabii Musa. Habari zake wanazijua waendao msikitini na waendao kanisani: ulimi wake ulikuwa mzito, na ndugu yake Harun akawekwa karibu naye ili amsaidie kusema mbele ya Firauni. Vizuri sana. Lakini katika Qurani, sura ya Taha, Musa mwenyewe ndiye aliyeomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, kisha akaomba apewe Harun, akamtaja kwa jina. Harun aliombwa. Wewe umeombwa na nani? Ukitaka kuwa Harun wa mtu, muulize siku ambayo hakuna haraka wala hadhira: "Ndugu yangu, ukikwama unapenda nikusaidie au ningoje?" Wengi watakuambia ungoje. Wachache watakuambia uwasaidie, na hapo una ruhusa.

Baada ya mmaliziaji anakuja daktari wa pumzi. Huyu dawa yake ni moja: "Tulia. Vuta pumzi. Sema polepole." Nimeisikia kutoka kwa walimu, wachungaji, mashangazi, hata kwa watu tuliojuana dakika ileile. Iacheni. Kigugumizi hakisababishwi na woga wala kupungukiwa hewa. Kwa walio wengi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, wakati mtoto anapoanza kuunga maneno, na chanzo chake kiko katika namna ubongo unavyopanga mwendo na wakati wa kutamka. Kinatembea katika familia. Mwaka 2010 watafiti walitaja jeni zinazohusika baada ya kuchunguza familia za Pakistan, na mwaka 2015 wakataja nyingine, AP4E1, iliyoanzia kwenye ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Kwa hiyo mama anayeambiwa kwamba alimtekenya mtoto mno, au alimshtua, au alimzaa katika ugomvi, anaonewa. Woga upo, ndiyo, ila unakuja baadaye, na wanaouleta ni sisi tunaosikiliza. Mtu aliyechekwa mara nyingi kwa neno moja ataliogopa neno hilo, na akiliogopa litakaza zaidi.

Hapa Luzira tuna kosa letu wenyewe, ambalo sijui kama mitaa mingine inalo kwa kiasi hiki. Gereza Kuu limekuwa hapa tangu miaka ya 1920, na askari wake wametoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo Kiswahili kambini ni lugha ya kila siku, si ya cheti. Ukiteremka kuelekea Port Bell na kiwanda cha bia, unasikia Kiganda, Kiswahili, Kiacholi na Kiingereza katika mazungumzo ya watu wawili tu. Basi mtu akikwama kwenye neno la Kiswahili, jirani hudhani neno hilo halijui, na kwa wema anamgeuzia Kiganda. Anakwama na huko. Anamletea Kiingereza. Anakwama tena, na sasa anaonekana mtu asiyejua lugha yoyote, kumbe anazijua zote tatu na neno analo mdomoni, limekamilika, lina irabu zake zote. Msimbadilishie lugha. Aliyoanza nayo ndiyo aliyoitaka.

Na hilo la kujua neno linanipeleka kwenye chapati. Simama jioni karibu na kibanda chochote cha chapati, kaango liko motoni, taa imeshawashwa, foleni ina watu sita nyuma ya kijana mmoja. Kijana anataka kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula cha mwenye pesa kidogo na njaa kubwa. Lakini sauti ya "k" mwanzoni mwa neno, kwa baadhi yetu, ni mlango uliofungwa kwa ndani. Mtazame vizuri: shingo inakaza, kope zinafumba, ulimi umegandamana na kaakaa na hakuna sauti inayotoka. Mkaangaji anauliza, "Ssebo, nikupe nini?" Nyuma mtu anasonya. Kijana anaachia pumzi, anasema "rolex," yaani chapati ya mayai, neno limetoka safi kabisa, na analipa bei ya mayai ambayo hakuyataka. Ukimtazama utasema huyu hana kigugumizi. Wenye kigugumizi wengi wanaishi hivyo: wanachagua chakula, jina la mtaa, hata aina ya salamu kwa kuangalia herufi ya kwanza. Wapo wanaobadilisha jina lao wenyewe, maana jina lako ndilo neno pekee lisilo na kisawe, na ndilo linaloulizwa kwanza popote uendapo.

Kwa mkaangaji, mwongozo ni mfupi. Endelea kukanda unga. Usimkazie macho, usimtajie orodha. Na wewe wa nyuma, meza hilo sonyo.

Kwa mwenye lango ni jambo zito zaidi, nami nalisema bila kupunguza. Penye lango lolote lenye mlinzi, liwe la benki, la ofisi au la nyumba ya tajiri, anayesitasita kutaja jina lake anaonekana mwongo. "Kijana, jina lako pia unalitafuta?" Swali hilo limewavunja watu. Afande, mwongo hujiandaa. Jina lake la bandia hulitoa haraka. Anayekwama kwenye "m" ya jina lake huku jasho likimtoka ana kitambulisho mfukoni. Mwombe kitambulisho, kisha mwache alimalize jina lake, kwa sababu ameshalianza.

Kwenye teksi, konda aliyekaa karibu na mlango ana wajibu. Sote tunajua dereva hasimami mpaka mtu aseme "maaso awo", yaani hapo mbele, na kwa wakati. Mwenye kigugumizi akichelewa nusu dakika, stendi yake imepita na anarudi kwa miguu, jua au mvua. Akigonga bodi ya gari kwa kiganja, hana kiburi. Anashuka. Konda, simamisha.

Wapo pia wanaotushuku kwa sababu tunaimba. Wanamsikia mtu kwenye kwaya Jumapili, au kwenye kasida za maulidi, sauti inatiririka, kisha Jumatatu anakwama kuomba chumvi, wakasema anajifanya. Hajifanyi. Karibu wote wenye kigugumizi huimba bila kukwama, na husoma bila kukwama wakisoma pamoja na wengine. Mwalimu, habari hii ni yako. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na ngeli hufundishwa kwa kuitikia pamoja: mtu, watu, kiti, viti. Humo ndani ya sauti za darasa zima yumo mtoto anayetamka barabara kuliko wote. Ukimsimamisha peke yake, ananyamaza. Usiandike kwamba hajasoma. Kiboko sheria ya watoto ilishakikataza shuleni mwaka 2016, lakini kicheko cha darasa bado kipo, na kinauma zaidi. Mpe mwenzake wasome wawili pamoja. Mpe nafasi ya kujibu kwa maandishi, halafu muulize faraghani kama angependa kusimama. Siku atakayotaka mwenyewe kusimama, darasa linyamaze kwa amri yako.

Ukitaka kumtia moyo mtu, nakusihi usianze na Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Tumeshaambiwa. Tangu ile filamu ya 2010 inayomhusu, hakuna mwenye kigugumizi mwenye marafiki ambaye hajasimuliwa habari za mfalme na mwalimu wake wa matamshi, Lionel Logue. Kinachosahauliwa katika masimulizi hayo ni kwamba Logue alianza kumfundisha mwaka 1926, kabla hajawa mfalme, na miaka mingi baadaye, akiwa ndiye mfalme aliyetawala hata hapa Uganda, bado alikuwa anakwama. Alijifunza kusema akiwa na kigugumizi chake. Hakuponywa, na bado hotuba zake zilisikilizwa hadi mwisho, kwa sababu mfalme hakatizwi. Fundi bomba naye apewe heshima hiyohiyo.

Mzazi, mwanao wa miaka 3 akianza kurudiarudia, "na-na-nataka," usikimbie kutafuta wa kulaumu. Karibu mtoto mmoja katika ishirini hupitia hali hiyo, na walio wengi huivuka. Wewe punguza mwendo wako wa kuongea. Kaa chini usawa wake. Usimwambie arudie vizuri, usimfanyie maonyesho mbele ya wageni, na kaka zake wakimwiga wakomeshe siku hiyohiyo. Ikiwa miezi inapita na mtoto anaanza kukaza uso au kuacha kusema, mtafute mtaalamu wa matamshi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya taaluma hiyo mwaka 2008, na ingawa wahitimu bado ni wachache mno kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 45, wapo. Kumnywesha maji kwenye kengele, kumpiga mdomoni, kumshtua: hakuna hata kimoja kinachotibu.

Imebaki simu, ambayo ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Ana kwa ana unaniona ninahangaika na unajua nipo. Kwenye simu unasikia kimya, unasema "Halo? Halo? Mtandao mbaya," unakata. Napiga tena, na sasa neno limekaza maradufu, unakata tena. Kwa sababu hiyo watu wengi wenye kigugumizi wamehamia kwenye ujumbe, na jamaa zao wamezoea, wanasema fulani hapendi kuongea. Anapenda. Ana mengi, yamejaa miaka.

Tarehe 22 Oktoba ni siku ya kimataifa ya kukitambua kigugumizi, tangu 1998, lakini usingoje Oktoba. Jioni hii mpigie yule ambaye umezoea kumwandikia tu. Akipokea, ukasikia kimya, mtandao hauna tatizo. Usikate.