Asili kwa Tiketi
Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kipo tangu miaka ya 1960. Kuna msonge wa Wahaya, nyasi zimeshuka mpaka chini, na tembe ya Wagogo yenye paa la udongo. Watu wa mjini tunakata tiketi, tunainama mlangoni, tunapiga selfi na kinu, kisha tunaguna: “Wazee walijua kuishi!” Bibi mwenye kinu kinachotwanga kweli hatujamwona tangu msiba wa mwisho, akipiga simu, mtandao unasumbua. Naye, masikini, nyasi zimemchosha, anamsubiri mjukuu mpenda asili amtumie hela ya bati. Geji 28, kasema, na ziwe za msauzi.