Mti Usiozaa Kitu

Kwetu Lufingo, wilayani Rungwe, mtu haulizi mti wako unaitwaje, anauliza unazaa nini. Mgomba unazaa ndizi, mparachichi unazaa ada ya shule, mkaratusi unazaa nguzo na kuni, na hata mti wa porini ambao haujawahi kumnufaisha ndege una kazi yake ya kushika mpaka kati yako na jirani msiyeelewana. Katika mazingira hayo, mwalimu mstaafu akitangaza kwamba anataka kupanda mti wa kutazama, lazima watu wamtazame yeye kwanza.

Mke wangu hakunikataza. Aliuliza tu: "Utakuwa unautazama ukifanya nini?"

Mti wenyewe ni magnolia. Nilikutana nao kwenye kalenda ya zamani ambayo kinyozi mmoja wa Tukuyu mjini hajaishusha ukutani mpaka leo: mti mzima umefunikwa maua ya waridi, hauna jani hata moja. Kinyozi alisema hiyo ni picha ya kompyuta. Nikabisha, tukawekeana dau la soda, na hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma habari za magnolia, ili nisije nikamlipia soda mtu aliyenikata nywele vibaya.

Soda nilishinda. Mti ule upo, na ni mseto wa magnolia mbili za China uliofanywa karibu na Paris mwaka 1820 na Étienne Soulange-Bodin, ofisa wa jeshi la Napoleon ambaye vita vilipomwishia alihamia kwenye bustani. Bahati mbaya mti huo hupukutisha majani ukalala, na bila baridi ya kweli hauamki vizuri. Mke wangu akaniambia kama ni baridi, mwezi wa sita ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe ipo ya kutosha na ya kugawa. Lakini baridi yetu ni ya sweta, si ya theluji. Mti ule ungekaa kwetu ukitafuta usingizi mpaka ufe.

Nikageukia champaka wa India, mwenye maua ya manjano ambayo watu wanayatengenezea manukato. Unapenda joto na unyevu, sawa, ila unaweza kupita mita 30 kwenda juu. Nyumba yangu ni ya bati za geji 30 na ukuta wa upande mmoja umeanza kusikiliza upepo. Sikuona sababu ya kuuongezea mawazo. Upo pia mdogo wao wa kusini mwa China, kichaka tu, kinachoitwa figo, ambacho ua lake linanukia ndizi mbivu. Huo niliusoma kwa sauti, nikidhani nimepata. Mke wangu alikuwa jikoni anamenya ndizi, na mlango wa nyuma ulikuwa haufungiki kwa sababu ya mikungu iliyolazwa pale. Hakuinua hata uso. Katika Rungwe nzima, ambako malori yanatoka na ndizi kwenda Dar es Salaam mwaka mzima na bado zinabaki za kuozea shambani, utamweleza nani kwamba umelipa hela ili kwako kunukie ndizi?

Ikabaki ile ya kusini mwa Marekani, *grandiflora*, ambayo haipukutishi majani yote kwa wakati mmoja na ambayo hata Nairobi wanaipanda kwenye bustani. Jimbo la Mississippi wameifanya ua lao la jimbo. Nikaamua.

Mche wa kwanza niliuziwa kando ya barabara jijini Mbeya na kijana aliyeapa kwa afya ya mama yake. Ulikuwa na majani makubwa yanayong'aa, na kila chipukizi limevikwa ala inayodondoka na kuacha alama ya pete kuzunguka tawi, sawasawa na vitabu vinavyosema. Jani moja lilipokatika ndani ya kosta, pale Isyonje kwenye magunia ya viazi, likanitiririshia suruali maziwa meupe yasiyotoka mpaka leo. Magnolia haina maziwa. Huo ulikuwa mpira wa maua, ambao nao una ala na una pete, na ndiyo maana wauzaji wanapata ujasiri. Anayetaka kununua ageuze jani: la *grandiflora* mara nyingi lina manyoya ya rangi ya kutu upande wa chini, laini, unaweza kulipapasa kidoleni. La mpira ni tupu. Kisha avunje kikonyo cha jani aone kama kinalia. Muuzaji akikataza kuvunja, jibu umeshapata.

Wa pili alininunulia mpwa wangu Arusha, akautuma kwa basi. Nilimwagiza asinunue wa mbegu, maana magnolia ya mbegu inaweza kukaa miaka 10 au zaidi bila kutoa ua, na mimi nimestaafu. Achukue wa kubebesha au wa tawi lililooteshwa mizizi, huo haukuweki muda mrefu hivyo. Kijana aliyatekeleza yote. Lakini karani wa mizigo, ambaye nadhani alikuwa na foleni, alisikia "magnolia" akaandika kwenye risiti: *Mgomba 1*.

Naomba msomaji asiyeijua Rungwe aelewe uzito wa jambo hili. Mzigo uliposhushwa Tukuyu, mpagazi aliisoma karatasi mara mbili kisha akawasomea wenzake. Mwalimu ameagiza mgomba kutoka Arusha. Waendesha bodaboda walikusanyika. Mmoja alinipakia bila kupatana bei, kwa huruma, na njia nzima akawa ananiuliza taratibu kama pensheni inaingia, kama ninalala, kama kuna mtoto wangu anayekaa karibu. Tulipofika Lufingo habari ilikuwa imeshatangulia, na shemeji yangu alikuwa uani amekaa na mke wangu, wote wawili wamenyamaza.

Kuupanda hakukuwa na shida ya ardhi. Magnolia inataka udongo wenye asidi kidogo, unaoshika unyevu lakini hautuamishi maji, na huo ndio tulionao: udongo wa volkano, mvua za kumwaga. Ukitaka ushahidi tazama chai, ambayo nayo haielewani na udongo usio na asidi. Wajerumani waliipanda Kyimbila mwaka 1904, miaka miwili baada ya kuijaribu Amani kule Usambara, na mpaka leo haijalalamika. Shida ilikuwa washauri. Mizizi ya magnolia ni minene, laini, inatambaa karibu na uso wa ardhi na haipendi kuguswa. Ukishaupanda, umepanda, habari za kuuhamisha sahau, na jembe likae mbali. Unatandaza majani makavu ya mgomba kuzunguka shina, unaondoka. Sasa mweleze hayo kibarua wa Kinyakyusa aliyelelewa kuamini kwamba mmea usiopaliliwa ni aibu ya familia. Nilimkuta ameshauzungushia mfereji mzuri ulionyooka, mizizi imekaa pembeni imepangwa. Alisubiri nimsifu.

Kisha mama jirani, kwa wema wake, akaumwagia majivu ya jikoni dhidi ya mchwa. Alikuja alfajiri, akamwaga ndoo nzima, hakutaka hata shukrani. Majivu yanaondoa asidi. Majani machanga yakaanza kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na mama yule alipouona umepauka akahitimisha kwamba majivu hayakutosha. Akaleta mengine. Sikuweza kumkataza mtu anayeniletea maziwa kila asubuhi. Iliyouokoa ni mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kuacha kitu mahali kilipowekwa.

Mzee mmoja jirani, babu wa umri wa kuheshimiwa, ndiye aliyeubatiza. Alitaka kujua jina limetoka wapi. Nikamweleza kwamba mtawa Mfaransa, Charles Plumier, alilitunga mwaka 1703 kumuenzi Pierre Magnol, bingwa wa mimea wa mji wa Montpellier. "Kumbe ni jina la ukoo," akasema. "Basi huyu ni Mwamagnoli." Toka hapo hakuna aliyeuita vinginevyo. Watu wakipita wanauliza: "Ndaga, mwalimu. Mwamagnoli anaendeleaje?" Anaulizwa yeye kabla yangu.

Alipokwisha kupata jina, ikabidi apate kazi. Nilirudi kutoka kanisani nikamkuta amefungwa ndama. Wiki nyingine ameanikwa kanga na soksi za watoto wa shule. Mzee mwenyewe, alipoona matawi ya chini yameanza kushuka mpaka ardhini, akasema hapo sasa kuna faida: mila zetu za zamani zinamtaka mkamwana asikutane na baba mkwe uso kwa uso, na miaka hii vichaka vya kujifichia vimekatwa vyote kupisha parachichi. Mkamwana wake, ambaye ni muuguzi na ana pikipiki yake, alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu kijana mmoja akasoma kwenye simu kwamba gome la magnolia ni dawa Uchina. Ni kweli, lakini ni gome la *Magnolia officinalis*, si la huu wangu. Jioni ile ile alikuja baba mmoja mwenye presha, na kisu.

"Mzee wangu, ile ni nyingine," nikamwambia. "Hii ni ndugu yake."

"Sasa kama ni ndugu yake?"

Nilijaribu njia ya darasani. Nikasema kuna magnolia zaidi ya 200 duniani, hakuna hata moja ya asili ya Afrika, na undugu si hoja, maana ukifuata undugu hata mstafeli na mtopetope ni wa kundi hilo hilo, na mkungumanga wa Zanzibar, na hata parachichi ni binamu wa mbali. Nilidhani nimemaliza mjadala. Kumbe nimeutangaza. Yule baba aliondoka na jani moja lililodondoka, ambalo nadhani alilichemsha, na habari ya binamu ikateremka mpaka barabarani.

Ua la kwanza lilikuja mwezi wa Novemba. Naweza kulisimulia mpaka kesho. Lilifunguka alasiri, jeupe, upana wa sahani ya wali, na harufu yake ilikuwa na ndimu ndani yake. Usiku likajifunga. Siku iliyofuata likafunguka tena, na safari hii stameni zake zikaachia zikaangukia ndani ya petali, kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Vitabu vinasema koo za mimea hii zilikuwapo duniani kabla ya nyuki, na wa kuzichavusha walikuwa mbawakawa. Nami niliona mbawakawa wawili weusi wametulia humo ndani wakila chavua bila haraka, wenyeji kabisa. Nikamwita mke wangu. Alikuja, akaliangalia, akakiri kwamba ni kubwa.

Nikaalika watu. Hilo ndilo lililoharibu, kwa sababu watu wa kwetu hawatazami kwa macho peke yake. Petali ya magnolia ukiibonyeza, pale ulipobonyeza panageuka kahawia. Waliokuja asubuhi walibonyeza, waliokuja mchana wakauliza madoa ni ya ugonjwa gani, wakabonyeza. Kinyozi wa Tukuyu, niliyemwita makusudi, alifika keshokutwa yake. Ua lilikuwa limekwisha, lote kahawia, limelegea. Alilizunguka, akanitazama, akasema lile la kwenye kalenda lilikuwa bora, na kwamba dau letu lilihusu mti wa waridi. Anadai soda yake.

Wiki iliyopita akaja kijana anayebebesha miche ya parachichi, ana kitalu chake, vikonyo vya Hass kavifunga kwenye kitambaa kibichi na kisu kikali mfukoni. Alisalimia vizuri, akavua kofia.

"Mwalimu, ni kweli ulisema Mwamagnoli na parachichi ni ndugu?"

"Ndugu wa mbali sana. Waliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita."

Akafikiri. "Waliachana kwa ugomvi?"

"Hapana."

"Basi watapokeana."

Nikamweleza kwamba kubebesha kunataka jamii moja, au walau wa karibu, ngozi ya ndani ikutane na ngozi ya ndani, wakubaliane utomvu. Kwamba hawa hawatashikana hata akiwafunga kwa waya. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema hataki mti mzima, anataka tawi moja tu, lile la chini upande wa zizi ambalo ndama alishalivunja. Nikageuka kutafuta msaada. Mke wangu, ambaye tangu mti ule ufike hajawahi kuuliza hali yake, alikuwa ameshamletea yule kijana kiti na anamuuliza Hass iliyobebeshwa sasa itaanza kuzaa lini.